Mashua ya Mtumba na Faili Lake

Ukitaka kuujua ukoo wa mtu, mposee binti. Ukitaka kuzijua ofisi zote za wilaya, hata ile yenye mlango nyuma ya choo, nunua mashua ya mtumba. Nasema mashua hasa, ya mbao, yenye mkuku na mataruma, iliyoundwa ufukweni na fundi asiyeshika kalamu. Wenye boti za faiba zilizoshuka bandarini na kitabu chake na namba iliyochongwa kiwandani hawanihusu. Hao wakae na raha zao, mimi niacheni nilalamike.

Yangu niliipata Pangani, upande wa Bweni, kwa jamaa aliyeirithi kwa baba yake. Ina urefu wa mita saba na nusu, ubavuni imepakwa kijani kilichochoka, na kwenye omo pameandikwa Subira. Kabla sijatoa hata senti nilikwenda na fundi wangu, mzee asiyependa maneno. Akavua viatu, akapanda. Akatoa msumari mfukoni, akawa anauchoma kwenye mbao za chini, moja baada ya moja, akifuata mkuku kutoka omo hadi tezi, kichwa amekiinamisha kusikiliza. Msumari ukigoma alisonga mbele. Ukizama alitia alama ya chaki. Alipomaliza akachovya kidole kwenye ngama, akaonja.

"Ya mvua," akasema.

Ingekuwa ya chumvi, maana yake maji yanaingia kwa chini, na mimi ningekuwa nimerudi zangu Tanga. Akaendelea: mbao mbili za tezini zimeliwa na wadudu wa baharini, zitolewe. Kalafati ya ubavu wa kulia imekauka, itiwe pamba upya. Chini ipakwe deheni, juu sifa, na harufu ya sifa tutaizoea. Akavaa viatu vyake. Haukupita muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, na mpaka leo huo ndio ukaguzi pekee wa mashua ile uliofanywa na mtu aliyelowa.

Bei tukaelewana. Tukaingia kwenye karatasi.

Ya kwanza ilikuwa ya umiliki. Marehemu aliiundisha mashua kwa makubaliano ya mdomo, akimlipa fundi kidogo kidogo, fedha zikipatikana fedha, zikikosekana samaki. Ushahidi uliobaki ni cheti kimoja cha zamani chenye muhuri wa SUMATRA. Vijana msioikumbuka, hiyo ndiyo iliyokuwa mamlaka ya usafiri wa nchi kavu na majini. Kazi zake za majini zilihamishwa mwaka 2018, za nchi kavu zikafuata mwaka 2019, ikabaki mihuri kwenye vyeti vya watu. Dada wa dirishani alikitazama cheti changu kwa huruma.

"Kaka, hii taasisi haipo."

"Mashua ipo, dada."

"Mashua haiulizwi."

Nilidhani ni mzaha. Nikaja kuona kuwa ndiyo katiba ya jengo zima.

Kwa kuwa jina lililokuwa kwenye cheti ni la marehemu, ilitakiwa hati ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, pamoja na ridhaa ya warithi wote. Warithi ni sita. Watano wako Pangani na Muheza, wanapatikana hata sokoni. Wa sita yuko Maskati. Huyo alikubali siku ileile: akaandika ridhaa kwa mkono, akatia saini, akaipiga picha, akaituma kwa WhatsApp pamoja na salamu kwa mashua, maana ubavuni mwake ndiko alikojifunzia kuogelea. Dirishani wakasema wanataka wino. Nikawaonyesha wino. Wakasema hiyo ni picha ya wino.

Basi karatasi ikapanda ndege ndani ya begi la mama mmoja aliyekuwa akija harusini, ikashuka Dar es Salaam, ikalala Magomeni, ikapanda basi hadi Tanga. Mashua yenyewe katika umri wake wote haijafika hata Mombasa.

Halafu kuna fomu yenyewe. Aliyeitunga alikuwa na meli kichwani, tena meli ya kiwandani. Inataka namba ya ganda, jina la mtengenezaji, anwani ya kiwanda na mchoro wa chombo. Nikamweleza dada wa watu, kwa utaratibu kabisa, kwamba hakuna kiwanda. Mashua iliundwa ufukweni, chini ya mkungu, karibu na nyumba ya kina muuzaji, na aliyeiunda ametangulia mbele ya haki.

"Mkungu ndiyo jina la kiwanda?"

"Mkungu ni mti."

"Nimeshaandika."

Kwa hiyo mtakaopita siku zijazo mkitafuta historia ya uundaji wa vyombo Tanzania, mtakuta kiwanda kinachoitwa Mkungu kilichokuwa na shughuli zake Pangani. Kiliunda chombo kimoja.

Mchoro ulikuwa mtihani mwingine. Fundi yule marehemu hakuchora mashua, aliiunda. Vipimo vyake vilikuwa dhiraa na shibiri, na dhiraa ilikuwa ya mkono wake mwenyewe, ambao umezikwa naye. Sasa serikali inataka karatasi yenye mita na milimita. Nikaenda steshenari, kwa kijana anayechora ramani za nyumba kwa kompyuta. Akaniuliza mashua ina vyumba vingapi. Baada ya kuelewana nikampa picha niliyoipiga siku ya fundi na vipimo nilivyopima kwa tepu, naye akachora vizuri sana, mistari imenyooka, mbavu zimelingana pande zote mbili kuliko zilivyo kwa kweli. Siku ile ya picha tanga lilikuwa limeshushwa na kuanikwa kwenye miti, kwa hiyo mchoro hauna tanga. Sikulitilia maanani. Ukagongwa muhuri.

Tani nazo. Hapa muuzaji, aliyekuwa amenisindikiza, aliapa kwamba mashua yake haijapata kupandishwa kwenye mizani na wala mizani ya kuibeba haijaletwa Pangani. Ikabidi nimweleze kuwa tani ya usajili si uzito, ni nafasi iliyomo ndani ya chombo. Tani moja kwa hesabu ya kale ni futi za ujazo 100, yaani mita za ujazo 2.83 hivi.

"Sasa mjomba, unalipia hewa?"

Nikakosa jibu, kwa sababu ndivyo. Ada inapanda na tani, na tani inapanda na nafasi. Mke wangu, ambaye hakuipenda biashara hii tangu mwanzo lakini alikubali kwa masharti, alitaka kivuli nyuma. Nikauliza. Turubai la kufunga kwa kamba, ruhusa. Nguzo nne, bati na mbao za pembeni, hayo ni marekebisho ya chombo, yanataka kibali, mchoro mpya na vipimo vipya. Tunatumia mwavuli.

Marekebisho niliyokuwa nayataka kwa dhati yalikuwa ya mashine. Upepo ukiwa na afya mashua haina haja ya petroli, lakini ukikata mchana, uko mbali na nchi, na mkondo unakuchukua usikotaka kwenda, heshima ya tanga inaisha. Nikanunua mashine ya kuning'iniza nyuma, Yamaha ya nguvu ya farasi 15. Fundi akazitoa zile mbao mbili mbovu za tezini, akaweka mpya, na papo hapo akatengeneza kibao cha mninga cha kuibeba mashine. Kazi safi, ukiigonga inaitika. Ila fomu ina visanduku viwili: chombo cha tanga, chombo cha mashine. Nikatia alama kote kuwili.

"Chagua kimoja, kaka."

Nikamwambia kwa upole kwamba jambo hili liliamuliwa zamani na wakubwa wa dunia. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo baharini, za mwaka 1972, zinasema chombo kilichopandisha tanga huku kinasukumwa na mashine kinahesabiwa kuwa cha mashine. Kinachokwenda kwa tanga tu, mashine haitumiki, ni cha tanga. Yaani inategemea saa hiyo kinafanya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake.

"Hiyo ya 1972 iko kwenye mfumo?"

Haikuwamo. Akafungua faili, akageuza kurasa, akaweka kidole kwenye kazi ya kijana wa steshenari.

"Halafu kwenye mchoro tanga halipo."

Hivyo kisheria Subira ni chombo cha mashine. Tanga lenyewe, lililoshonwa kwa mkono, lenye viraka vitatu na linalofanya kazi zaidi ya mashine, mbele ya serikali ni kitambaa. Karatasi za mashine siwasimulii, nazo zina mama yao na shangazi zao. Jina nalo nitalipitia haraka: Subira zilikuwapo tayari kwenye daftari, kwa hiyo yangu inaitwa Subira 4, na kila ninapotia nanga watoto wananiuliza zile tatu nyingine nimeziegesha wapi.

Sasa sikilizeni habari ya ukaguzi.

Ukaguzi unafanyika Tanga mjini. Mashua iko Bweni. Chombo kisicho na cheti hakiruhusiwi kusafiri, na cheti hakitolewi bila ukaguzi. Nikauliza kama mkaguzi anaweza kuja. Anaweza, niandike barua, isubiri kikao, kisha isubiri mafuta ya gari. Nikauliza kama kuna kibali cha safari moja tu, ya kuileta. Kibali kipo, kinaombwa kwa kuambatisha nakala ya cheti. Wakati huo kusi lilikuwa linavuma, upepo hasa wa kumtoa mtu Pangani akafika Tanga mchana bila tone la petroli, nami nilikuwa nimesimama nje ya ofisi, upepo huohuo unanipeperushia makaratasi.

Nikakodi Fuso.

Tuliipandisha kwa magogo na vijana wa pale, tezi ikabaki imening'inia nje ya bodi, tukaifunga kitambaa chekundu. Lakini kutoka Bweni kwenda Pangani mjini kuna mto, na mtoni kuna kivuko. Mashua yangu ikavuka mto wa Pangani ikiwa juu ya Fuso, na Fuso ikiwa juu ya kivuko, na maji yale yale iliyozaliwa nayo yakipita chini kabisa, hayaifikii. Wavuvi waliokuwa mtoni waliacha kuvuta nyavu. Mzee mmoja akasimama kwenye mtumbwi wake, akauliza kwa sauti kama mashua ni mgonjwa. Nahodha wangu, ambaye amevuka mlango wa mto huu usiku na mchana tangu ujana wake, alikaa ndani ya Fuso karibu na dereva, kofia ameishusha mpaka puani, asitambulike.

Ng'ambo tukashika njia ya Tanga. Mahali fulani kwenye mashamba ya mkonge tukasimamishwa. Afande akaizunguka Fuso pole pole, akasoma jina kwenye omo, akarudi kwangu.

"Leseni ya hiki chombo iko wapi?"

"Afande, ndiyo naipeleka ikaitafute."

"Kwa hiyo hakina leseni."

"Cha majini, afande. Hapa barabarani ni mzigo."

"Kina usukani?"

"Kinao."

"Kina jina?"

"Kinalo."

"Basi ni chombo. Na yule?"

Tukageuka. Utingo alikuwa amekaa ndani ya mashua, miguu ameinyoosha, ameegemea taruma, anakula muwa.

"Yule ni utingo, afande."

"Yumo ndani ya chombo. Ni abiria. Chombo kina leseni ya abiria?"

Utingo akashushwa. Tukajadiliana sana juu ya urefu wa tezi iliyotokeza nje, tukaandikiwa, tukalipa kwa namba ya malipo kupitia simu, na risiti yake iko kwenye faili, maana nimejifunza kutotupa kitu.

Mkaguzi alikuwa kijana mstaarabu, viatu vyeusi vimepigwa rangi mpaka unajiona. Akaitazama mashua juu ya Fuso, akasema hawezi kukagua chombo kilicho nchi kavu, atajuaje kama kinaelea? Tukawatafuta wapagazi, tukaishusha. Ikaelea. Akaitazama ikielea, akasema sasa chini atapaonaje? Tukatazamana. Nahodha alikuwa ameanza kuvua shati, tayari kuipandisha tena, lakini kijana akaona huruma. Akaandika kwenye kisanduku cha chini: sawa.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Nanga, ipo. Firimbi, ipo. Mtungi wa kuzimia moto na stika yake, upo, na huo sina neno nao, petroli haizimwi kwa maji. Majaketi ya kuokolea, sita, akayahesabu mara mbili, ya rangi ya chungwa, mapya. Kabla hajafika kuhesabu yangu, nilikuwa nikitazama boti mbili zilizonitangulia kwenye foleni. Ya kwanza ilipomaliza kukaguliwa ilisogea kando kidogo, wakaongea na wenzao, na ya pili ilipokaguliwa jaketi lake moja lilikuwa na doa la rangi ya bluu begani, doa lilelile nililoliona kwenye ile ya kwanza. Mkaguzi akahesabu, akatia alama. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa kwa boti zote mbili.

Hakuingia ndani ya mashua yangu. Alisimama gatini, faili kwenye kiganja, akalinganisha namba ya karatasi na namba ya ubavuni. Simlaumu sana. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na fomu aliyopewa haina kisanduku cha ngama.

Sisemi kanuni zifutwe. Atakayesema hivyo si mtu wa nchi hii. Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa kufika Ukara, kivuko cha abiria 101, na waliokufa walizidi 200. Vyote viwili vilijazwa kupita uwezo. Na kujaza hakukai kwenye faili. Kunaonekana gatini, kwa mtu aliyesimama pale anayehesabu watu wanaoingia na kutazama maji yamepanda mpaka wapi ubavuni. Mbunge mmoja wa Uingereza, Samuel Plimsoll, aligombana na wenye meli miaka mingi juu ya hilo, mpaka sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha meli zichorwe alama ubavuni: duara lenye mstari katikati. Alama ikizama, mzigo umezidi. Haitaki nakala ya kitambulisho wala barua ya mtendaji wa mtaa, na mtoto anayeuza karanga gatini anaisoma.

Cheti nimekipata. Muda wake umehesabiwa tangu siku niliyolipa, si siku niliyokipokea, kwa hiyo nilipokabidhiwa kilikuwa kimekwisha kuzeeka nusu. Faili limekaa kabatini, nene, lina karatasi iliyotoka Maskati kwa ndege, kiwanda cha Mkungu, mchoro usio na tanga na risiti ya trafiki. Nimelipitia ukurasa kwa ukurasa nikitafuta zile mbao mbili za tezini zilizoliwa na wadudu, ambazo zingetutoa roho wote. Hazimo. Nilipoomba fundi wangu aandikwe angalau kama shahidi, niliulizwa cheti chake kiko wapi.

Ombi langu kwa wenye ofisi ni dogo. Ongezeni mstari mmoja kwenye fomu, wa fundi wa ufukweni: aandike ameingia chomboni, ameona nini na ngama ameionja ikawaje, na kama hajui kuandika aweke dole gumba. Na mkaguzi anunuliwe kandambili.